Visado vya Mzee Hiza

Asubuhi ile Faudhia alibadilisha mtandio mara tatu. Wa kwanza ulikuwa mwekundu, akaona utamfanya aonekane kama anakwenda kwenye sherehe. Wa pili ulikuwa mweusi, akaona atafanana na mfiwa, na mfiwa hakuwa yeye. Mwisho akajitanda ule wa rangi ya udongo, ambao Mdoe aliwahi kumwambia kwamba unampendeza kuliko yote, kisha akajisuta njia nzima kutoka Handeni hadi Korogwe kwa kuuvaa. Anakwenda kuomba radhi au anakwenda kujipendekeza? Tuseme ukweli, alikuwa anakwenda kufanya yote mawili. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, afisa mikopo anayeheshimika, mwenye shahada ya uzamili ya biashara iliyotundikwa sebuleni kwao Chanika, palepale Handeni, alikuwa ameketi kwenye gari la Magoma kama mtoto aliyevunja mtungi.

Mashine ya kukoboa mpunga ya akina Hiza ilikuwa vilevile kama Mdoe alivyozoea kumsimulia, chini ya paa la bati, na kilima cha pumba nyuma yake. Mota ni ileile kuukuu. Mkanda wake ulikuwa umeungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Faudhia alipouona ule mpira moyo ulimpasuka, maana alijua ni kwa nini mashine mpya haikununuliwa.

Mdoe alikuwa amempa mgongo, anamkobolea mama mmoja. Kelele za mota zilimpa Faudhia nafasi ya kumtazama bila kuonekana. Alikuwa amekonda. Vumbi la pumba lilikuwa limemkaa kwenye nyusi na kwenye zile kope ndefu ambazo Faudhia alizoea kumtania kwamba ameziiba kwa msichana. Mpunga ulipokwisha Mdoe alizima mota, akachukua ndoo ndogo ya plastiki, ile wanayoiita kisado, akaijaza mchele wa yule mama, akaisawazisha juu kwa kiganja, akaimimina kwenye gunia lililosimama ukutani.

"Haya mama, kisado kimoja. Tumemalizana."

"Tumemalizana, mghosi. Mungu akuzidishie."

Yule mama alijitwisha mchele wake akaondoka. Hakutoa hata senti tano, na hakuna aliyeona ajabu. Faudhia peke yake ndiye aliyelikodolea macho lile gunia la ukutani, na machozi yakaanza kumlenga kabla hata salamu haijatoka.

"Asalaam aleikum," alisema.

Mdoe aligeuka. Kwa muda mfupi sana uso wake ulifunguka wote, kama ulivyokuwa ukifunguka zamani kila alipomwona. Kisha ukajifunga.

"Waaleikum salaam. Karibu." Alifuta benchi kwa khanga kuukuu. "Kaa. Usichafue mtandio wako."

Ule mtandio aliutambua. Faudhia alikaa huku masikio yakimwaka moto.

"Pole kwa msiba, Mdoe. Nilisikia."

"Ulisikia lini?"

"Mwezi uleule. Kwenye mfungo."

"Na leo ni mwezi wa ngapi?"

"Sikuwa na uso wa kuja," alisema Faudhia. "Niliona nikitokea pale, kila mtu atasema huyo ndiye."

"Wangesema," Mdoe alimjibu bila kupepesa. "Lakini mama yangu angekupisha ukae. Alikuulizia."

Hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa. Aliinamisha kichwa, akaanza kukumbuka yale ambayo kwa mwaka mzima alikuwa anayakumbuka bila kutaka.

Walikuwa wamependana miaka miwili. Mdoe alikuwa akileta mchele soko la Korogwe kila Jumamosi, na Faudhia alikuwa akija Korogwe kila mwisho wa wiki kwenye tawi la chuo, kusoma shahada ya uzamili. Mdoe alikuwa akimsubiri nje ya darasa na chungwa lililomenywa tayari, akimwita "Mwalimu" mbele za watu ili aone haya. Muhula wa pili likaja somo la fedha za kampuni, la Dakta Bonaventura, mzee mfupi mwenye sauti ya kuamsha waliolala. Siku ya kwanza aliwauliza darasani: "Nikikupa milioni moja leo, na mwenzako nikamwahidi milioni moja mwakani, nani nimempendelea?" Wote wakasema yule wa leo. "Basi mmeshalijua somo lote. Kilichobaki ni kuhesabu nimempendelea kwa kiasi gani."

Faudhia alilipenda lile somo kama wengine wanavyopenda muziki. Alipenda jinsi fedha ya miaka mitano ijayo inavyoweza kushikwa, ikapunguzwa mwaka baada ya mwaka, ikarudishwa hadi kujua thamani yake leo. Ukishafanya hivyo unailinganisha na fedha unayotakiwa kutoa. Ikizidi, mradi ukubaliwe. Ikipungua, mradi ukataliwe. Hakuna kubembelezana.

Dakta Bonaventura alipowapa zoezi la mwisho, kila mmoja atafute biashara ya kweli aipime, Faudhia hakwenda mbali. Mzee Hiza, baba yake Mdoe, alikuwa anawaza kukopa milioni kumi na nane anunue mashine mpya. Mdoe akamletea daftari la mapato, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi amana.

"Chukua lote," alimwambia. "Mimi kwako sina siri."

Faudhia alihesabu siku nne. Mapato yaliyoandikwa mle ndani yalikuwa kidogo. Alipoyarudisha kwenye thamani ya leo alipata milioni kumi na moja. Pungufu ya milioni saba. Akaandika kwa herufi nzuri: *Mradi huu ukataliwe.* Na kwa kuwa alikuwa amenogewa, akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyemwomba: *Familia itanufaika zaidi ikiuza mashine iliyopo kama chuma chakavu.* Akapata tisini na moja kwa mia. Baba yake mdogo, Mzee Sufiani, ndiye aliyekuwa akimlipia ada tangu baba yake mzazi afariki. Faudhia akampelekea kazi ile aisome, ili aone fedha yake imefanya nini.

Mzee Sufiani alikuwa karani mstaafu wa chama cha ushirika, na karani hasahau alichosoma. Wiki tatu baadaye washenga walipofika Chanika na barua ya posa, Mzee Hiza mwenyewe akiwa miongoni mwao na kanzu yake iliyopigwa pasi hadi ikasimama, na Mdoe akiwasubiri nje hatua chache kutoka barazani, Mzee Sufiani aliipokea ile bahasha, akaiweka kwenye mkeka bila kuifungua. Akavaa miwani. Akatoa zile karatasi. Akasoma kwa sauti, mbele ya wageni, hadi kwenye chuma chakavu.

Kisha akamwita Faudhia atoke ndani.

"Haya umeyaandika wewe?"

"Nimeyaandika mimi, baba mdogo."

"Ni kweli au si kweli?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Angeweza kusema ni zoezi la darasani tu. Angeweza kusema mimi nampenda Mdoe, awe na mashine au asiwe nayo. Lakini mbele yake alikuwa anaiona ile tisini na moja ya wino mwekundu, na kuikana kulikuwa kama kukana miaka yake miwili ya kusoma. Akasema, "Ni kweli."

Wazee wote walitazama mkeka. Mzee Hiza peke yake ndiye aliyemtazama yeye, bila hasira.

"Binti yangu, hiyo hesabu inafanywaje?"

Na Faudhia, Mungu amsamehe, alimweleza. Alimweleza vizuri, kwa sauti ileile ya darasani. Mzee alisikiliza akiitikia kwa kichwa hadi mwisho. "Umesoma, mwanangu," alisema. "Hongera." Kisha akaiinua bahasha yake pale chini, akaitia mfukoni, akawaambia wenzake waondoke kabla jua halijawa kali.

"Unafikiria nini?" Mdoe alimuuliza sasa, akirudisha kisado mahali pake.

"Ile siku."

"Mimi siifikirii tena."

"Usinidanganye, Mdoe."

Mdoe alicheka bila furaha. "Kumbe bado unanijua."

Faudhia alikunja mikono yake mapajani. Maneno haya alikuwa ameyapanga tangu Handeni, lakini yalitoka ovyo.

"Wiki iliyopita ofisini walinituma Mombo, kukagua mkopaji. Ana mashine ya mpunga kama hii. Nimeshika daftari lake, naona mapato ni kidogo mno, nikataka kumwambia hapana. Mara akaja mteja, akakoboa, akaacha kisado cha mchele, akaondoka. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu pia. Nikamuuliza yule bwana, hivi visado vinaandikwa wapi? Akanishangaa. Akaniambia, dada, visado huwa haviandikwi, hivyo ni mchele tu, tunakula, tunauza." Akakitazama kisado. "Niliishiwa nguvu, Mdoe. Nilikaa chini kwenye pumba. Wakanipepea wakidhani nina presha."

Mdoe aliligeukia gunia la ukutani.

"Kwetu Chanika mashine ni za mahindi, na kila mtu analipa hela. Sikujua. Nilihesabu hela peke yake. Kwa nini hukuniambia?"

"Kukuambia nini? Huku mtoto wa miaka mitano anajua." Sauti ya Mdoe ilipanda, kisha ikashuka. "Hata mimi sikuwahi kuona kwamba ni mapato. Baba aliita baraka. Nilipokupa daftari niliona nimekupa kila kitu. Wewe ndiye msomi, ungekuja hapa siku moja tu, ukakaa kwenye hili benchi, ungeviona vinamiminwa. Hukuja, Faudhia. Ulihesabu ukiwa Korogwe."

"Sikuja," alikiri. "Niliona karatasi zinatosha."

Upepo ulipeperusha pumba kidogo, zikamwangukia kwenye mtandio. Mkono wa Mdoe uliinuka wenyewe kuzipangusa, ukafika katikati, ukakumbuka, ukarudi. Wote wawili waliuona ule mkono. Faudhia aligeuza macho upande, na hapo ndipo alipoiona hotpoti.

Ilikuwa juu ya meza ndogo, ya maua ya waridi, imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Pembeni ya kitambaa kulikuwa na herufi M mbili zimefungamana. Kitambaa cha namna ile hakifumwi na mama wala na dada.

"Nani kakuletea chakula?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu mwingine.

Mdoe alikaa upande wa pili wa benchi. Kati yao pangetosha gunia zima.

"Munira. Anafundisha chekechea hapo mbele. Barua imejibiwa." Alipangusa vumbi magotini. "Tunafunga ndoa Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii. Baada ya swala."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kuna habari ambazo mtu akizipata hulia, na nyingine hukaa tu akihesabu vigae, bati, magunia, chochote kinachohesabika. Faudhia alihesabu magunia ya ukutani. Yalikuwa sita.

"Hongera," alisema.

"Usiniambie hongera."

"Nikuambie nini?"

"Sijui. Nitukane. Tulia tu. Lakini usiniambie hongera kwa sauti hiyo, maana ndiyo uliyomwelezea baba hesabu."

Faudhia aliziba uso kwa viganja. Sasa machozi yalikuja, na hakujaribu kuyazuia. Mdoe alinyanyuka, akaingia kichumba cha ndani, akatoka na daftari la jalada la buluu, kona zake zimekunjamana. Alilishika kifuani kwa muda kabla ya kulitoa.

"Hili ni lako. Lilikuwa lako tangu mwaka jana."

Faudhia alifungua. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, herufi kubwa zinazoegemeana. *Jumatatu. Mama Matayo, gunia moja, kisado kimoja. Bakari wa mtoni, gunia mbili, visado viwili. Jumanne. Mvua, hakuna mtu.* Ukurasa baada ya ukurasa. Hakuruka hata siku moja. Pembeni mwa kila ukurasa alikuwa amejumlisha kwa kalamu nyekundu.

"Siku ile tuliporudi kutoka kwenu," Mdoe alisema, "baba alipitia dukani akanunua daftari hili kabla hata hajafika nyumbani. Mimi nilikuwa nafura. Nilikuwa natamani kurudi Chanika nikavunje kitu. Yeye akaniambia, yule binti hakukosea kuhesabu. Sisi hatukumwambia vyote. Njia nzima alikuwa anajiuliza ni kitu gani amesahau, hadi akakumbuka visado. Akasema, tumwandikie, mwaka mzima, kisha umpelekee ahesabu upya. Na mashine mpya alikataa kabisa kuikopea. Alisema mwenye elimu amesema isinunuliwe, tusubiri hadi aseme tena."

"Mungu wangu," alinong'ona Faudhia.

"Aliandika hadi siku tatu kabla hajafa. Kalamu ilikuwa inamponyoka. Alinipa daftari mkononi, akaniambia, kalipeleke Chanika, mpe binti mwenyewe, usimpe mtu mwingine." Mdoe alisugua macho yake, na vumbi la pumba likachora mstari shavuni. "Sikupeleka."

Faudhia aliinua uso.

"Nilisema nitapeleka msiba ukipoa. Msiba ukapoa. Nikasema siendi kupiga hodi kwa mtu aliyemwita baba yangu chuma chakavu. Nikasema aje yeye. Kila Jumamosi nikiwa sokoni nililibeba kwenye mfuko, nikikaa stendi naangalia mabasi ya Handeni yanaondoka. Ni mwendo wa saa moja na kitu, Faudhia! Nilishindwa kupanda." Akavuta pumzi. "Mama akachoka kuniona hivyo. Akasema nyumba haina mwanamke kijana, na Munira ni mtoto mzuri. Ni mtoto mzuri kweli. Nikasema sawa."

"Na kama ningekuja mwezi uliopita?"

"Usiniulize hivyo."

"Nimeshauliza."

Mdoe alitazama ile hotpoti, akatazama mota, akatazama kila kitu isipokuwa yeye. "Mwezi uliopita barua ilikuwa haijaandikwa."

Dakta Bonaventura alikuwa na somo moja ambalo Faudhia alilijibu vizuri kuliko wote kwenye mtihani. Alifundisha kwamba fedha iliyokwisha kutumika isiingizwe kwenye hesabu ya mradi ulio mbele, imekwenda, haitarudi, usiitazame. Amua kwa yajayo peke yake. Faudhia alijaribu kulitumia pale kwenye benchi. Alijaribu kuuweka kando mwaka mzima, na machungwa yaliyomenywa, na mzee aliyeandika huku kalamu inamponyoka, ili atazame yajayo tu. Haikuwezekana hata kwa dakika moja. Alichoona ni kwamba kama angesema neno, neno moja tu, huyu mwanamume angeinuka na kwenda kwa kina Munira kuitaka barua yake. Alilisoma hilo machoni pake. Alimwona analisubiri.

Na alimwona pia baba yake Munira, ambaye hakumjua, ameketi kwenye mkeka wake mbele ya wageni, akirudishiwa bahasha. Mara moja ilitosha. Hakuwa na ujasiri wa kumfanyia hivyo mzee mwingine.

Kwa hiyo badala ya neno lile akasema, "Una kalamu?"

Mdoe alimpa. Faudhia alipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akaanza kujumlisha zile jumla nyekundu, ukurasa kwa ukurasa, midomo ikimchezacheza. Miezi ambayo mzee hakuiwahi akaikadiria kwa ile aliyoiandika, ikawa visado mia nane kumi na viwili kwa mwaka. Akauliza bei ya kisado. Mdoe akasema elfu tano, ukipiga wastani. Akavijumlisha na zile hela za zamani ambazo bado alizikumbuka kwa kichwa. Akatoa simu, akaipunguza fedha ya kila mwaka kama alivyofundishwa, mwaka wa kwanza hadi wa tano, akairudisha leo. Ilikuwa milioni ishirini na nne na ushee. Alirudia mara mbili. Ikawa ileile.

Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya mwandiko wa mzee, akaandika hesabu yote, akatia tarehe.

"Imezidi kwa milioni sita," alisema. "Mwaka jana ilikuwa imezidi kwa milioni sita, Mdoe. Nunua mashine. Ofisini kwetu nitakuandikia mkopo mimi mwenyewe, au ukitaka aandike mtu mwingine, sitaingilia."

"Aandike mtu mwingine," Mdoe alisema taratibu.

"Sawa."

"Siyo kwa ubaya."

"Najua. Naweza kuondoka na daftari? Kuna mtu anatakiwa kulisoma. Nitalirudisha kwa posta."

Mdoe aliitikia kwa kichwa. Kabla Faudhia hajaondoka, Mdoe alichukua kisado, akachota kwenye gunia la ukutani. Safari hii hakukisawazisha kwa kiganja. Alikiacha na kilima juu, akamimina mchele kwenye mfuko, akafunga fundo. "Baba alisema ukija usiondoke mikono mitupu," alisema. Vidole vyao vilikutana kwenye fundo la mfuko, vikakaa pale muda mrefu kidogo kuliko inavyoruhusiwa, kisha mteja akaita kutoka nje, na Mdoe akaenda kuwasha mota.

Faudhia alifika Chanika alasiri. Mzee Sufiani alikuwa barazani, anakunywa kahawa, miguu ameinyoosha kwenye mkeka uleule.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yamevimba? Nani kakufanya nini?"

"Hakuna aliyenifanya. Nina kitu nataka kukusomea."

Alikaa chini. Alianza kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa sauti, kama mzee mwenyewe alivyosoma siku ile. *Mama Matayo, gunia moja, kisado kimoja.* Mwanzoni Mzee Sufiani alidhani ni mzaha. Faudhia alipofika ukurasa wa tano, mzee alikiweka chini kikombe. Faudhia akamweleza visado ni nini, na ni nani aliyeandika, na kwa nini. Kisha akaruka hadi ukurasa wa mwisho, akasoma jumla.

Mzee alivua miwani. Aliifuta kwa pindo la shati ingawa ilikuwa safi.

"Nilimdhalilisha mtu mzima kwenye baraza yangu," alisema. "Kwa karatasi. Mimi niliyekaa kwenye ushirika miaka thelathini napima pamba na mahindi ya watu, nisiulize kama kuna kitu hakikupimwa." Akainuka, magoti yakilia. "Niletee kanzu."

"Kanzu ya nini, baba mdogo?"

"Kesho asubuhi nakwenda Magoma. Nataka niipige pasi leo. Nitamwomba radhi Mzee Hiza mbele ya watu wake."

"Mzee Hiza alifariki. Kwenye mfungo."

Mzee Sufiani alishika nguzo. "Innalillahi. Na ulijua?"

"Nilijua. Niliogopa utasema twende kuzika."

Alitaka kumkemea, Faudhia aliuona ukali ukipanda usoni kwa baba yake mdogo, kisha ukashindwa njiani. Yeye pia alikuwa na lake la kujilaumu. Aliingia ndani mwenyewe, akatoka na kanzu, mkono mmoja ameshauingiza.

"Basi nitakwenda kwa kijana. Nitamwambia barua ailete tena, aje na nani anayetaka, na safari hii sisomi kitu. Mahari atataja yeye. Unasikia, Faudhia? Kama bado unamtaka, mimi nakwenda kumwangukia."

Alikuwa ameyasema yale yote ambayo Faudhia aliomba kwa mwaka mzima yasemwe. Faudhia alivuta ule mfuko wa mchele karibu na paja lake.

"Ijumaa anaoa, baba mdogo. Barua wameshaipeleka kwingine."

Mkono wa pili wa kanzu ulibaki unaning'inia. Mzee Sufiani alikaa taratibu pale mkekani. Kahawa yake ikapoa. Baadaye alivuta lile daftari, akalitazama bila miwani, kwa hiyo hakuweza kuona hata herufi moja.

"Hebu niambie tena," alisema. "Hesabu yenyewe, sasa hivi, inasemaje?"

Faudhia alijibu kwa sauti iliyosikika vizuri, kama alivyotakiwa kujibu siku ile washenga walipokuwa wamekaa hapohapo.

"Inasema tukubali," alisema, akamlalia baba yake mdogo begani akalia.